Bango la Juzuu Tisa

Nilipiga ukelele katikati ya dua. Sijivunii hata kidogo, lakini siwezi kuanzia pengine, maana kila kitu kilianzia pale, na mke wangu mpaka leo akitaka kunikomesha mbele ya wageni hunikumbusha siku hiyo.

Ilikuwa hitima ya mwalimu wetu wa chuo, kijijini Gando. Mwanamke huyo alitusomesha Kurani barazani kwake sisi watoto wa mtaa mzima, fimbo kando yake na sindano mkononi, kwa kuwa alikuwa pia hodari wa kushona kofia. Akitusikiliza tunasoma hatutazami, anatazama kofia, lakini ukikosea herufi moja fimbo inakujua ulipokaa. Kwa heshima yake, sisi tuliosoma kwake tulikubaliana kila mmoja aje hitimani na juzuu yake ya utotoni. Kwetu juzuu haitupwi. Ikichakaa hufungwa kitambaa ikawekwa juu ya kabati, na hapo hukaa hata mwenyewe akawa na wajukuu. Mimi peke yangu sikuja na yangu. Niliiona haina cha kuonyesha, na sababu nitaieleza.

Basi tumekwisha kusoma, shehe kaanza dua, mikono yote juu. Mbele yangu, juu ya mto mmoja, zimelazwa juzuu mbili za wenzangu, moja ya fundi mwashi wa Wete, nyingine ya jirani yetu wa zamani. Macho yangu yakatua kwenye majalada. La kwanza lina nusu ya duara jeusi lenye vijiti vya fedha. La pili lina nusu nyingine. Kwa jinsi zilivyokaa ubavu kwa ubavu, vijiti vilikutana.

"Gurudumu!"

Shehe akanyamaza. Watu wote wakanigeukia na mikono yao bado iko juu. Nikasema samahani shehe, endelea, na kuanzia hapo nikaitikia amin kwa sauti kubwa kuliko wafiwa wenyewe.

Lazima mnielewe. Mimi nauza vipuri vya pikipiki mjini Wete, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya mabango ya karatasi ya matangazo ya pikipiki za zamani. Mke wangu anasema ni ugonjwa, nami sibishi. Ninayo ya zile pikipiki nzito za Kiingereza, yaliyokuja yamekunjwa pamoja na mashine zenyewe, yamechorwa kwa mkono wa msanii. Mzungu kavaa miwani mikubwa na kofia ya ngozi, nyuma yake milima yenye theluji, kama vile mtu wa Konde au Mkoani ana shida ya kupanda theluji. Baadaye zikaja pikipiki nyepesi za Kijapani, na mabango yake yakawa mengine kabisa: rangi za kung'aa, picha za kupigwa, na watu wanaocheka bila sababu. Kisha wenye maduka wa pwani wakagundua kwamba mteja hununua kinachofanana naye, wakaanza kuchapisha mabango yao wenyewe, yenye maneno ya Kiswahili na watu wa kwetu. Haya ndiyo adimu, na haya ndiyo yanayonikosesha usingizi. Siku hizi ni mabango ya plastiki tu, yanatundikwa leo, keshokutwa yamefunikia banda la kuku.

Hapa Pemba kulipata bango la zamani likiwa zima ni kazi ngumu sana. Karatasi yake ilikuwa nzuri mno kuachwa ukutani. Watu waliitandika dari isidondoshe vumbi, waliitia ndani ya makasha ya nguo, waliijalidia vitabu. Na penye sura ya mtu, sura ilikatwa au ikapakwa wino, kwani nani atasali chumba kimoja na Mzungu anayemtazama? Ninalo bango moja lenye familia nzima juu ya pikipiki, baba, mama na mtoto, na wote watatu hawana vichwa. Nalipenda hivyo hivyo.

Sasa rudi barazani kwa mwalimu, mimi nikiwa mtoto. Siku moja alikuja na karatasi nene, zote za kipimo kimoja, akatutilia juzuu zetu majalada sisi tisa tuliokuwa darasa moja. Alitumia gundi ya unga wa muhogo. Wenzangu walipata rangi! Huyu kapata wekundu, yule kapata kitu kinachong'aa, mwingine herufi kubwa asizoweza kuzisoma. Mimi nikapewa jalada jeupe. Jeupe tupu, na wala halikugandishwa, lilishonwa pembezoni kwa uzi na sindano ya kofia. Nikadhani unga umemwishia. Nililia mpaka kamasi, nikamwambia, "Mwalimu, yangu haina kitu."

"Yako ndiyo uitunze zaidi," akanijibu, akarudi kwenye kofia yake.

Nikajua ananibembeleza. Nawaambia kweli, kiu yangu ya mabango ilianzia kwenye jalada lile jeupe. Nimekuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, na nikimwona mtu ana picha ya pikipiki bado natamani kumnyang'anya.

Baada ya hitima, kabla pilau haijapakuliwa, nilimtafuta mtoto wa mwalimu. Ni mwanamke wa makamo yangu, mwanawe wa pekee, naye alikuwa mmoja wa wale tisa. Nilimsimulia habari ya gurudumu huku nikirusha mikono mbele yake yeye mfiwa bila haya. Hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na juzuu yake. Jalada lake lilikuwa na tangi la mafuta, jekundu la damu ya mzee, na juu ya tangi mkono wa mtu, mkono mweusi, vidole vimeshika usukani.

"Huo mkono wa baba yangu," akasema.

Nikakaa chini.

Baba yake alikuwa bwana afya, mtu wa kuzunguka vijijini kupiga dawa ya mbu, na alikuwa akipanda vilima vya Wete kwa pikipiki bila kushusha mguu. Mwenye duka la pikipiki akamwona, akampandisha juu ya mashine mpya, akampigia picha, na bango likachapishwa. Muda si muda homa ikamchukua, mkewe akiwa na mimba. Mtoto akazaliwa hana baba. Hapakuwa na picha nyingine, hata ya kitambulisho. Bango lilibaki chumbani kwa mjane mpaka alipoolewa mara ya pili. Yule mume wa pili akasema hawezi kulala anatazamwa na mwenzake. Siku ya pili yake sisi tukapata majalada.

"Shangazi ndiye aliyenipa habari," akasema. "Mama mie nlimuuliza mara moja tu, akalia, sikumuuliza tena. Kaka angu, mie nna miaka hamsini na zaidi, sura ya baba yangu sijapata kuiona. Watu hunambia nnafanana naye. Nitajuaje?"

Hapo nikasahau pilau. Nilimwapia kwamba nitalikusanya bango lile hata kama vipande vimefika chini ya bahari. Mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Haya, kishapata kazi."

Kazi gani, ilikuwa sikukuu! Nilifunga duka siku tatu za wiki hiyo na sikujuta. Kwa masharti ya mke wangu, hakuna jalada litakalobanduliwa wala juzuu itakayolazwa sakafuni. Tuliweka meza sebuleni kwetu, tukatandika kitambaa cheupe, na kila juzuu iliyokuja ilifunguliwa ikalazwa jalada juu. Tukapata ya fundi mwashi, ya jirani, ya mwenyewe mtoto wa mwalimu. Ndugu wawili wa Gando wakaleta za kwao, moja ina ekzosi, moja ina madigadi ya nyuma. Mmoja wetu alikwisha kufariki, na mama yake, bibi wa kushika mkongojo, alitoa juzuu ya mwanawe kutoka kifuani mwake hasa, akaniambia niirudishe kabla ya Ijumaa. Niliirudisha Alhamisi, nikaja kuiazima tena.

Micheweni nilikwenda mwenyewe. Mwenzetu wa kule analima mwani, na nilimkuta maji yametoka, yuko mbali juu ya mchanga na kamba zake. Nilivua viatu nikamfuata kwenye matope, nikipiga kelele za taa ya mbele, taa ya mbele!

"Weye bado mwendawazimu vile vile," akasema, akijipangusa mikono. "Taa n'nayo. Nlikuwa nikiitazama kulla siku chuoni, weye ukiilia."

Ilikuwa nzuri ajabu ile taa. Mchapaji alikuwa ameitia mwanga wa njano unaotawanyika, na ule wa njano haujafifia. Nilirudi Wete nimeishika kwa mikono miwili, sikuikabidhi hata kwa mfuko.

Siku hiyo, bango lilianza kusema. Safu ya chini, magurudumu na barabara ya udongo mwekundu. Safu ya kati, tangi, mkono, kifua cha shati jeupe lenye kola. Juu kushoto, minazi na mwanzo wa maneno: KAZINI NA. Juu kulia palikuwa patupu, na juu katikati, pale penye kichwa, palikuwa patupu. Mtoto wa mwalimu alikuwa akija kila alasiri baada ya sala. Huiweka juzuu yake mahali pake, kisha hutazama pale patupu.

"Kama aliichoma," aliniambia siku moja, "bora nijue. Sitamlaumu. Lakini nijue."

Nami nilikuwa nikilihofu hilo hilo. Nawajua watu wetu. Nani atatia sura ya binadamu juu ya jalada la juzuu? Wenzangu saba niliokwisha kuwapata hakuna aliyekuwa na uso, na mwalimu hakuwa mtu wa kukosea jambo kama hilo. Kwa kawaida ya visiwa hivi, kichwa kilikatwa kwanza, kikatiwa moto. Lakini sikuthubutu kumwambia. Nilimwambia bado yule wa kisiwa cha Fundo, subiri Fundo.

Wa Fundo ndiye aliyebaki. Ni mvuvi, mkubwa wetu kwa umri tangu chuoni. Nilivuka asubuhi kwa mashua ya abiria, moyo unanidunda tangu bandarini. Alinipokea vizuri, akaagiza chai, akaingia ndani akarudi na juzuu iliyofungwa kwa kanga kuukuu. Nikaifungua. Minazi, mawingu, na herufi: BANI. Ilikuwa ni ile ya juu kulia, mwisho wa neno. Kichwa hakipo.

Nilivunjika moyo mpaka akaona.

"Kwani tulikuwa wangapi?" akauliza.

"Tisa."

"Nihesabie."

Nikamhesabia kwa vidole. Fundi, jirani, mtoto wa mwalimu, ndugu wawili, marehemu, wa Micheweni, wewe. Wanane.

"Na wa tisa?"

"Wa tisa mimi. Lakini yangu ilikuwa nyeupe, hukumbuki? Nililia."

"Nakumbuka, ulitutia aibu. Yakhe, nyeupe ya karatasi gani? Ya daftari, au nene kama hizi?"

Nene. Nene kama hizi hizi. Niliwahi hata kuigonga kwa ukucha nikiwa darasani, ikatoa mlio ule ule wa zao.

"Na upande wa nyuma wa bango una rangi gani?" akauliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa.

Sikungoja chai. Naomba radhi yake hapa kwa maandishi. Mashua ilichelewa, nikazunguka gatini kama niliyepotelewa na mtoto, na muda wote huo mambo yakawa yananirudia moja moja, kila moja linanipiga kofi. Nilikuwa nimekwisha kuhitimu, nimeoa, nina duka, lakini sikukuu mwalimu akija kwetu kutoa mkono wa Idi, kabla hajanywa maji atauliza, "Juzuu yako iko wapi?" Nitamletea. Ataigeuza, ataipapasa kwenye mshono, atanirudishia. Mimi nikidhani anakagua kama bado nasoma. Na mwaka wake wa mwisho, kiharusi kimemfunga ulimi, nilikwenda kumtazama, akaninyooshea kidole, kisha akaviunganisha viganja vyake viwili na kuvifungua. Akarudia. Akarudia tena. Nikakimbilia msahafu, nikamsomea Yasini yote kwa sauti nzuri. Akafumba macho. Tukasema kafurahi, anataka Kurani. Mungu anisamehe, alikuwa akitaka juzuu yangu.

Nyumbani sikupiga hodi. Nilipanda kiti, nikaishusha juzuu kutoka juu ya kabati, nikaisimamisha dirishani penye jua. Weupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake, kwa mbali, palikuwa na kivuli cha duara. Mshono ulikuwa mzima, hata uzi mmoja haujakatika. Watu wote walipakwa gundi, mimi nilishonewa, ili picha isiguswe na unga. Na sura ilitazama ndani, asiione mtu, isimuudhi mume wala isiivunjie juzuu heshima yake. Nadhani hiyo ndiyo fatwa aliyojipa mwenyewe, na mimi si mtu wa kumpinga. Kwa nini hakusema mume yule wa pili alipofariki, sijui. Labda alizoea kuja kwetu.

Nilikuwa na hamu kubwa ya kukata uzi. Miaka yote ile natafuta mabango kisiwa kizima, na lililo bora kuliko yote liko juu ya kabati langu! Mkasi ulikuwa mezani. Mke wangu akanitazama mara moja tu.

"Si yako kuifungua," akasema.

Ilibidi ningoje siku mbili mpaka wote wapatikane. Sijawahi kungoja namna ile, hata siku ya harusi yangu. Tulikutana nyumbani kwa mtoto wa mwalimu baada ya sala ya Ijumaa, wanane tulio hai na yule bibi na mkongojo wake, maana alisema juzuu ya mwanawe haiendi tena bila yeye. Tukazipanga nane mezani. Katikati juu pakabaki patupu pale pale. Mtoto wa mwalimu alikuwa ametia udhu. Alichukua kimkasi cha kofia cha mama yake, akauliza, "Nikate?" kana kwamba mimi nina mamlaka, nikaitikia kwa kichwa kwa nguvu mpaka shingo ikaniuma.

Alikata uzi fundo moja baada ya jingine. Karatasi ikajikunjua polepole. Akaigeuza, akaiweka mahali pake.

Mtu akapiga takbiri, na safari hii hakuwa mimi. Rangi zilikuwa mpya kama zimetoka kiwandani, jua halikupata kuzigusa. Alikuwa kijana amevaa kofia ya mkono, kofia ya viua, vile vitobo vidogo vya sindano, ambayo tuliijua wote ni mshono wa nani. Anacheka, na hatazami barabara. Kageuza uso pembeni kidogo, kama kuna mtu kamwita. Chini yake mkono wake, kifua chake, tangi lake jekundu, taa ya Micheweni, barabara nyekundu. Na juu yake maneno yote: KAZINI NA NYUMBANI. Nimeyaona mabango mengi. Sijaona zuri kama lile, nami nilikuwa nalia na kucheka bila kuweza kuacha lolote.

Yeye hakulia. Aliinama karibu kabisa.

"Kijana," akasema. "Huyu kijana jamani. Mwanangu wa mwisho mkubwa kuliko huyu."

Kisha akaweka vidole pembeni ya karatasi, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo baba."

Salamu imetolewa, na kwetu salamu haiachwi hewani. Nilijua nisifungue mdomo. Nilijua kabisa.

"Marahaba!" nikasema.

Walinigeukia wote, kama ile siku ya hitima. Halafu yeye akacheka, akacheka mpaka akashika meza, na alipokuwa akicheka bibi mwenye mkongojo alimnyooshea kidole, kisha akakinyoosha mezani, akasema, "Haya tazameni, meno yale yale!" Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Watoto wake walipiga picha kwa simu za kutosha. Nikamwambia sura ni yake, aichukue, na nilimaanisha, ingawa moyo ulikuwa unaning'ata. Akakataa. Akachomoa sindano kwenye leso yake, akatunga uzi, akaishona tena kwenye juzuu yangu, sura ndani, weupe nje, fundo kwa fundo.

"Mama kaiweka amana kwako," akasema. "Mie nani niivunje?"

Nikairudisha juu ya kabati. Sikukuu iliyopita alikuja kwetu kutoa mkono wa Idi. Mke wangu alimwekea kiti, akamletea maji. Hajayanywa bado, akanitazama.

"Juzuu yako iko wapi?"